Kwenda Uingereza kwa Kuzuru na Kwenda kwa Kusoma

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya ruhusa ya kuingia katika nchi ya Uingereza, ambayo watu wote huiita viza. Tumelichagua jambo hili kwa sababu masharti yake yamebadilika mara kadha wa kadha katika miaka ya karibuni, na ada yake imepanda, tena kwa sababu katika jamaa nyingi za Kenya, Tanzania na Uganda yupo mtu mmoja huko ng'ambo, shangazi au kaka au binti, ambaye siku moja hupiga simu na kusema, "Njoni mnitazame." Nyumba nzima hufurahi. Kisha huanza shauri la fedha, na katika shauri hilo ndipo watu wengi hupotea njia.

Mtu wa nchi zetu atakaye kuingia Uingereza hana budi kuipata ruhusa hiyo kabla hajapanda ndege. Zamani haikuwa hivyo. Hadi mwaka 1962 raia wa nchi za Jumuiya ya Madola waliingia pasipo kuzuiwa na sheria za uhamiaji. Mwaka ule Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kwanza ya kuwawekea mipaka, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Julai. Tangu hapo masharti yamezidi kuongezeka, wala hatukusudii kuyasimulia yote. Yatosha kujua kwamba leo pasipoti ya Kenya, ya Tanzania au ya Uganda, ikiwa peke yake, haimfikishi mtu mbali zaidi ya kaunta ya uwanja wa ndege wa kwao.

Ruhusa zenyewe ni za namna nyingi, lakini mbili ndizo zinazochanganywa na watu. Ya kwanza ni ya mgeni wa muda. Huyu huenda kuwatazama jamaa zake, kutembea, kuhudhuria arusi au mkutano, au kwa shughuli nyingine fupi, na kila aingiapo kwa kawaida hukaa muda usiozidi miezi sita. Ya pili ni ya mwanafunzi, yaani mtu aliyekwisha kukubaliwa na chuo chenye leseni ya serikali ya kupokea wanafunzi wa nchi za nje, akapewa muda wa kukaa unaolingana na masomo yake. Katika nyumba za pwani mgeni hukaribishwa barazani, akapewa kahawa na maneno mazuri, wala haoni vibaya kwamba hakuingizwa ndani. Ruhusa ya kwanza ndiyo baraza. Ya pili ndiyo chumba, nacho kina kodi yake.

Tuseme kwanza habari za fedha, maana ndizo zinazoulizwa kwanza. Ada ya mgeni wa miezi sita ilikuwa pauni 100 hadi mwezi wa Oktoba mwaka 2023. Tarehe 4 ya mwezi huo ikapandishwa kuwa pauni 115, na tarehe 9 Aprili mwaka 2025 ikapandishwa tena kuwa pauni 127. Ada ya mwanafunzi aombaye akiwa nje ya Uingereza ilitoka pauni 363 ikawa 490 siku ile ile ya Oktoba, kisha ikawa 524 katika ile Aprili ya 2025. Lakini kwa mwanafunzi hiyo ni sehemu ndogo tu ya mzigo wake. Aombaye kukaa zaidi ya miezi sita hulipa pia mchango wa matibabu. Kwa wanafunzi mchango huu ulikuwa pauni 470 kwa mwaka, nao ukawa pauni 776 tangu tarehe 6 Februari mwaka 2024. Tena haulipwi kidogo kidogo; hulipwa wote mara moja wakati wa kuomba, kwa miaka yote ya masomo. Kijana wa masomo ya miaka mitatu basi huhesabu zaidi ya pauni 2,300 kabla hajagusa karo wala nauli. Mgeni wa muda hatozwi mchango huo, lakini akilazwa hospitali kwa ugonjwa wa kawaida aweza kutozwa asilimia 150 ya gharama ya tiba, na kwa hiyo ni vema mzee mwenye maradhi ya moyo au ya sukari akate bima kabla ya safari.

Wako wanaouliza sababu ya kupandisha. Mwezi wa Julai mwaka 2023 Waziri Mkuu wa wakati ule, Rishi Sunak, alitangaza kwamba ada za viza na mchango wa matibabu vitaongezwa ili kusaidia kulipa nyongeza ya mishahara ya watumishi wa umma, kama walimu, madaktari na askari polisi. Sisi walimu hatuwezi kuchukia mwalimu mwenzetu kuongezwa mshahara. Walakini twaona ni ajabu kidogo kwamba mkulima wa Kilimanjaro achangie mshahara huo naye hata hajaiona nchi yenyewe. Lakini mwenye nyumba ndiye apangaye. Na kwa kuwa amezoea kupanga upya mara kwa mara, atakayeomba asizitegemee tarakimu za kijitabu hiki: azitazame za siku ile katika tovuti ya serikali ya Uingereza, iitwayo GOV.UK, kisha azidishe mwenyewe kwa bei ya pauni katika benki ya kwao.

Hapa pana jambo ambalo twataka lifahamike vizuri kuliko mengine yote ya fedha. Ada si bei ya viza. Mtu akinunua mbuzi mnadani, akitoa fedha huondoka na mbuzi. Katika habari hii sivyo. Fedha hulipwa kwa ajili ya kazi ya afisa ya kuyafungua maombi, kuyasoma na kuyakatia shauri. Afisa akisema ndiyo, fedha imekwenda; akisema la, imekwenda vile vile, wala hairudi. Tena kila mtu hulipa ada yake, hata mtoto mchanga aliye mgongoni mwa mamaye. Baba, mama na watoto watatu, kwa ada ile ya mwaka 2025, walitakiwa pauni 635 ili maombi yao yasomwe tu. Tumeona watu wakiuza ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya safari ambayo haikuwapo, si kwa sababu walidanganya, bali kwa sababu waliomba ruhusa isiyokuwa yao. Ng'ombe amekwenda, na maziwa ya watoto yamekwenda naye.

Kosa la namna nyingine hutokana na viza ndefu. Ziko za miaka miwili, mitano na kumi, ambazo ada zake Aprili 2025 zilikuwa pauni 475, 848 na 1,059. Mtu akisikia miaka kumi hudhani kwamba aweza kukaa Uingereza miaka kumi. La. Maana yake ni kwamba katika miaka hiyo aweza kwenda na kurudi mara nyingi bila kuomba upya, lakini kila safari mpaka wake ni miezi sita ile ile. Na afisa akiona kwamba mgeni hutoka wiki mbili kisha huingia miezi sita, mwaka baada ya mwaka, atasema kwamba huyu si mgeni tena, amehamia, naye aweza kumkatalia.

Sasa tuingie katika masomo. Kabla ya mwaka 2020 kwisha, mgeni wa muda aliweza kusoma siku 30 tu, na masomo hayo hayakutakiwa kuwa ndiyo sababu kubwa ya safari yake. Aliyetaka miezi mitatu au sita aliomba ruhusa nyingine, ya masomo mafupi. Tarehe 1 Desemba mwaka 2020 masharti hayo yakabadilishwa: masomo yasiyozidi miezi sita yakaingizwa katika ruhusa ya mgeni wa muda. Ile ruhusa ya masomo mafupi haikufutwa kabisa, ila ilibakizwa kwa jambo moja tu, nalo ni kujifunza lugha ya Kiingereza kwa muda unaozidi miezi sita na usiozidi kumi na mmoja, kwa mtu aliyetimiza miaka 16. Ada yake ilikuwa pauni 200 tangu Oktoba 2023, ikawa 214 tangu Aprili 2025. Huyu naye hulipa mchango wa matibabu, na kwa kuwa atakaa zaidi ya miezi sita, na nchi zetu zimo katika orodha ya nchi ambazo watu wake hupimwa kifua kikuu, hana budi kupata cheti cha kipimo hicho.

Badiliko hili ni jema, nasi twalisifu. Lakini ruhusa ya kusoma ikiwa mgeni ina mipaka yake, na ni vizuri tuitazame kwa mifano.

Tuchukue binti wa Moshi aliyealikwa na shangazi yake aliyeko Leicester. Akitaka kujifunza Kiingereza kwa wiki kumi na mbili huku akikaa kwa shangazi, hana haja ya viza ya mwanafunzi; ya mgeni yamtosha. Ila shule hiyo iwe imethibitishwa, yaani imekaguliwa na chombo kinachotambuliwa na serikali. Shule nyingi za lugha huthibitishwa kwa mpango unaoongozwa na British Council. Na kabla ya kuomba awe amekwisha kukubaliwa na shule hiyo, ana barua yake mkononi. Darasa lililofunguliwa na mtu sebuleni kwake, hata likiwa na mwalimu hodari, halihesabiwi.

Binti huyu ana mdogo wake wa miaka kumi. Shangazi aweza kuwaza, "Na huyu naye aje, nimwingize katika shule ya hapa jirani, isiyolipiwa." Haiwezekani. Mgeni wa muda haruhusiwi kusoma katika shule inayogharimiwa na serikali. Mtoto huyo aweza kuja kutembea likizo, au kufuatana na wenzake katika safari ya shule iliyopangwa na shule mbili kwa kubadilishana.

Fundi seremala atakaye kuhudhuria mafunzo mafupi ya kuchonga kwa kujifurahisha, yasiyozidi siku 30, amepunguziwa: mafunzo ya namna hiyo hayahitaji kuwa ya chuo kilichothibitishwa, maadamu si ya lugha ya Kiingereza.

Na wako wasomi. Mwanafunzi wa udaktari wa Muhimbili au wa Makerere aliyekubaliwa na chuo kikuu cha Uingereza kwenda kujifunza kwa kutazama katika hospitali zake kwa wiki chache, aweza kwenda kama mgeni. Lakini asilipwe, wala asiwatibu wagonjwa. Ndivyo ilivyo pia kwa wanafunzi wa uuguzi, ukunga, meno na tiba ya mifugo waliomo katika masomo ya shahada. Daktari aliyekwisha kuhitimu kwetu, akienda kufanya mtihani wa PLAB ambao huwafungulia madaktari wa nje njia ya kuandikishwa huko, hali kadhalika huenda kama mgeni. Mtihani utafanywa kwa viza hiyo. Kazi haitafanywa kwa viza hiyo.

Basi tumefika penye mtego. Yako maneno yasemwayo sana mijini, hata vijijini yamefika: "Wewe ingia kwanza kwa viza ya kutembea, ni rahisi, mengine yatajulikana huko huko." Mara nyingi msemaji ni wakala anayetaka ujira wake, na mara nyingine ni ndugu mwenye nia njema ambaye mambo yake yeye yalikuwa mepesi miaka mingi iliyopita. Sheria yasema wazi: aliyeingia kama mgeni wa muda hawezi kugeuka kuwa mwanafunzi akiwa ndani ya Uingereza. Hata akikubaliwa na chuo kikuu bora, hata karo yote ikiwa imelipwa, yampasa kutoka, aombe akiwa nje, alipe ada ya mwanafunzi na mchango wa matibabu, angoje jawabu, kisha asafiri tena. Nauli imekuwa mara mbili. Wala muda wake hauongezwi kupita miezi sita kwa sababu ya masomo. Atakayechagua mafunzo ya wiki thelathini akitumaini kuomba nyongeza mwishoni amejifunga mwenyewe.

Tena liko lililo baya kuliko hasara ya nauli. Mtu akiandika katika fomu kwamba anakwenda kutembea wiki tatu, na mkobani mwake uwanjani zikaonekana barua za chuo cha miaka mitatu na vyeti vyake vyote vya shule, afisa atamwuliza swali ambalo hana jawabu lake. Aweza kurudishwa. Na ikithibitishwa kwamba alidanganya katika maombi, au alileta karatasi za uongo, maombi yake ya baadaye yaweza kukataliwa kwa muda wa miaka 10. Kijana wa miaka 19 aliyeshauriwa vibaya atakuwa na miaka 29 mlango utakapofunguliwa, na wenzake aliosoma nao watakuwa wamekwisha kuhitimu zamani.

Habari za kazi ni fupi. Mgeni wa muda haruhusiwi kuajiriwa wala kufanya biashara yake huko, hata kuosha vyombo hotelini kwa siku moja. Tangu tarehe 31 Januari mwaka 2024 aweza kuendelea na kazi ya mwajiri wake wa nyumbani kwa njia ya mtandao, maadamu hiyo siyo sababu kubwa ya safari.

Afisa atakaye kuyakata maombi hakujui, wala hakijui kijiji chako. Analo swali moja kubwa: huyu atarudi? Jawabu lake halitoki katika maneno matamu. Latoka katika karatasi. Mwalimu ataleta barua ya mwajiri inayotaja cheo chake, mshahara wake na siku za likizo yake. Mwanafunzi ataleta barua ya shule inayosema kwamba muhula ujao anangojewa. Mkulima ataonyesha hati au barua ya shamba lake, na mauzo yake katika chama cha ushirika au benki. Katika nchi zetu mtu aweza kuwa na ekari kumi za migomba, na ng'ombe sita, na nyumba ya matofali, na bado akawa hana karatasi moja inayosema hivyo. Hilo ni jambo la kulitengeneza mapema, si wiki ile ya kuomba.

Karatasi nyingi za Tanzania zimeandikwa kwa Kiswahili, hasa barua za afisa mtendaji wa kijiji. Kila karatasi isiyo ya Kiingereza au ya Kiwelsh hutakiwa ifuatane na tafsiri kamili, na mfasiri athibitishe kwamba tafsiri ni sahihi, aandike tarehe, jina lake kamili na mahali anapopatikana, na atie sahihi. Tumesikia watu wakilalamika juu ya sharti hili. Sisi twaliona ni la haki: hata hakimu wetu hawezi kuhukumu kwa barua asiyoweza kuisoma.

Tena iko desturi ya kukopa fedha kwa ndugu, kuziweka benki siku tatu, kuchukua taarifa ya akaunti, kisha kuzirudisha kwa wenyewe. Afisa hatazami jumla ya mwisho tu. Hutazama miezi iliyotangulia. Akaunti iliyokuwa na shilingi elfu thelathini mwaka mzima, ikaamka siku moja ina milioni sita bila maelezo, humtia shaka kuliko akaunti ndogo inayokwenda sawasawa na mshahara wa mwenyewe. Kama shangazi ndiye atakayelipa, na iandikwe hivyo. Inaruhusiwa mtu mwingine kumgharimia mgeni, ikiwa wana uhusiano wa kweli, na mwenyewe hakuvunja sheria za uhamiaji. Shangazi alete barua yake, mishahara yake na uthibitisho wa nyumba anamokaa, ili ionekane kwamba nafasi ya kulala ipo.

Maombi yakikataliwa, mwombaji hupewa sababu kwa maandishi. Zamani aliyekataliwa kwenda kuwazuru jamaa zake aliweza kukata rufani. Haki hiyo iliondolewa tarehe 25 Juni mwaka 2013. Sasa aweza kuomba upya wakati wowote, kwa ada mpya. Wengi huomba upya juma lile lile kwa karatasi zile zile, kana kwamba afisa wa pili ana macho mengine. Yafaa isomwe ile barua ya kukataliwa, neno kwa neno, pamoja na mtu ajuaye Kiingereza vizuri, na kila sababu itafutiwe karatasi yake ya kuijibu. Isipopatikana, na fedha zibaki mfukoni.

Fomu hujazwa kwa mtandao, kisha mwombaji hufika mwenyewe penye kituo cha maombi, kama vile Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Mgeni wa muda huruhusiwa kuomba miezi mitatu kabla ya siku ya safari, si zaidi, na jawabu kwa kawaida hupatikana katika muda wa wiki tatu tangu siku ile ya alama za vidole. Basi binti yule wa Moshi, kama mafunzo yake yaanza wiki ya kwanza ya Septemba, ajaze fomu mwanzoni mwa Juni, aende Dar es Salaam kwa basi akiwa na karatasi na tafsiri zake zote, na tikiti ya ndege asiinunue hadi jawabu lifike.